Pambano la Kumi na Saba la Bondia Asiyepigwa

Nilimwahidi kwamba sitaandika juu yake neno lolote nisiloweza kumsomea uso kwa uso. Tulikuwa uani kwake, Makere. Yeye ameketi juu ya kigoda, mkewe anapepeta maharage kando yetu, na mimi nina daftari jipya magotini. Ahadi ile niliitoa haraka, kwa furaha ya mtu aliyetoka chuoni miaka miwili iliyopita na aliyeamini bado kwamba ukweli na heshima hutembea njia moja. Yeye aliipokea taratibu. Alininyooshea mkono wa kulia, ule uliowahi kuogopwa Kasulu nzima, nikauona unatetemeka kabla haujaufikia wangu.

"Umesema, mwalimu," aliniambia. "Na mke wangu kasikia."

"Mimi nasikia maharage tu," mkewe akajibu bila kuinua uso.

"Andika pia kwamba nilikuwa mzuri wa sura. Hilo huyu atashuhudia."

"Nitashuhudia wakiniapisha kwanza."

Tukacheka wote watatu. Sikujua kwamba hicho kingekuwa kicheko changu cha mwisho chenye amani katika ua ule.

Mambo yalikuwa hivi. Kasulu mjini kulikuwa kumejengwa ukumbi mdogo wa mazoezi ya ngumi, na katika ukuta wa mbele mafundi walikuwa wameacha nafasi ya jina moja, chini ya maneno yaliyokwisha kuandikwa kwa penseli: Bondia Bora wa Nyakati Zote. Mwenyekiti wa kamati ya ukumbi alikuwa afisa michezo mstaafu, mtu wa Tanga aliyehamishiwa huku akiwa kijana na ambaye hakurudi tena kwao. Alinipa kazi ya kuandika maelezo ya uamuzi kwa sababu nafundisha Historia. Kwa wengine uamuzi ulikuwa umeshafanyika. Bondia wa Makere alipigana mara ishirini na tatu katika magulio ya Kasulu na Kibondo, na hakushindwa hata mara moja. Ilibaki kuandika.

Tena ilibidi kuandika upesi. Daktari alikuwa amemweleza bayana kwamba kutetemeka kule kulitokana na ngumi alizopokea kichwani, na kwamba baada ya mikono ingefuata kumbukumbu. Tayari alikuwa ameanza kuwaita wajukuu kwa majina ya watoto wake. Alikuwa na ombi moja tu: alione jina lake ukutani wakati bado anajua kwamba ni lake.

Mimi, kwa ukaidi wa shule, nilikataa kuanza kuandika kabla ya kupima. Nilitengeneza kitu kama mwongozo wa kusahihishia mitihani. Alipigana na nani? Wapi, nyumbani au ugenini? Alipoumizwa, alifanya nini? Nilipompelekea mwenyekiti, alivua miwani akaipangusa kwa muda mrefu.

"Mwalimu, umemtungia mzee wa watu mtihani wa taifa?"

"Kutopigwa peke yake hakutoshi, mwenyekiti. Hata mimi sijapigwa."

"Wewe hujapanda ulingoni!"

"Ndiyo maana nauliza yeye alipanda na nani."

"Alipanda na watu. Si mbuzi." Akanirushia daftari lenye jalada la bluu lililopauka. "Haya, kasahihishe."

Daftari lile lilikuwa la mwenyekiti mwenyewe. Mapambano karibu yote ya miaka ile aliyachezesha yeye, akiwa mwamuzi, ndani ya ulingo wa kamba nne zilizofungwa kwenye nguzo za mkaratusi, na kengele yake ilikuwa rimu ya gari iliyogongwa kwa nondo. Aliandika kwa mpangilio wa kupendeza: jina la mpinzani, gulio, raundi, na jinsi pambano lilivyoisha. Ameanguka. Pointi. Ameanguka. Kona yake imetupa taulo. Nilijaza alama zangu kwa furaha hadi nilipofika pambano la kumi na saba, Makere, raundi ya nne. Pale palikuwa na maneno mawili ambayo hayakuwa penginepo popote: Ameondoka ulingoni.

"Aliondoka kwa nini?" nilimuuliza mwenyekiti.

"Kanuni haiulizi kwa nini. Anayetoka ulingoni kabla ya kengele ameshindwa."

"Lakini wewe ulikuwapo."

Alifunga daftari. "Nasikia mpinzani yule alioa Busunzu, huko Kibondo. Anatengeneza baiskeli. Nauli ni juu yako."

Nilikwenda siku ya Jumamosi. Nilimkuta chini ya paa la bati, gurudumu limepinduliwa mbele yake, mtu mrefu mwenye mabega mapana na mvi chache. Nilimsalimu kwa Kiha changu cha kubahatisha, "Mwakeye," akanijibu kwa Kiswahili ili kunipunguzia aibu. Nilipolitaja jina la bondia wa Makere, aliweka spana chini.

"Yule yu hai?"

"Yu hai. Anaumwa."

"Alinipiga hapa." Akagusa mbavu za kushoto. "Raundi ya pili. Mpaka leo nikibeba gunia, namkumbuka."

"Kwa hiyo alikuwa bora kuliko wewe?"

"Raundi ya pili, ego, ndiyo, alikuwa bora. Raundi ya tatu akaanza kuhemea mdomoni. Ya nne niliyaona magoti yake, mwalimu. Goti halina uongo."

"Kwa nini basi uliondoka?"

Akanitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi ambaye hakufungua kitabu. "Gari la kambi lilipiga honi."

Ndipo akanieleza. Wakati ule alikuwa mkimbizi, na kutoka kambini ilikuwa kwa kibali. Kibali chake cha siku ile kiliishia saa kumi na moja, saa ambayo gari lilikuwa likiondoka gulioni. Aliyekutwa nje baada ya hapo hakupewa kibali kingine kwa muda mrefu, na yeye alikuwa na mama na wadogo zake waliotegemea vibarua vyake vya kulima. Waliposikia honi, watu wa kambini walianza kumwita kwa jina. Aliruka kamba akiwa na glavu mikononi.

"Nilizifungua kwa meno, ndani ya gari. Watu wananicheka. Na zilikuwa za kuazima! Nikazirudisha kesho yake kwa mkono wa muuza dagaa." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Pambano lilipangwa saa nane. Tungemaliza mapema. Lakini mwenzangu alifika saa kumi na nusu. Walisema ameuguliwa na mama. Mgonjwa ni mgonjwa, utamlaumu nani?"

Njia nzima ya kurudi, nikiwa nyuma ya bodaboda, nilirudia kichwani aliyoniambia. Nilijua jambo moja ambalo fundi baiskeli yule hakulisema, ama kwa adabu, ama kwa kuchoka. Wazazi wao wote wawili walivuka mpaka uleule, wakitoka Burundi. Wa huyu wa Makere walitangulia miaka mingi, wakapata mashamba, wakapata uraia. Wa huyu wa Busunzu walichelewa, na uraia wake mwenyewe aliupata baada ya kuacha ngumi. Kati ya wanaume wawili wenye lugha moja na mikono mizito inayokaribiana, karatasi moja iliamua nani aweze kusubiri raundi ya tano.

Wiki iliyofuata nilifundisha vibaya. Niliandika ubaoni, nikafuta, nikaandika tena jambo lilelile. Mara niliona kwamba mimi ni kijana wa mkoa mwingine nitakayehamishwa kesho, na sina haki ya kumnyang'anya mgonjwa kitu pekee alichobakiza. Mara niliona kwamba kunyamaza kwangu kungekuwa honi ya pili kwa yule wa Busunzu. Mwenyekiti alipokutana nami njiani aliniuliza kama nimemaliza. Nikasema bado kidogo. Akasema, kwa upole ulionitia hofu zaidi, "Nani atakwenda Busunzu kuuliza, mwalimu?"

Lakini nilikuwa nimeahidi. Niliandika pambano la kumi na saba kama nilivyolipata, nikaandika kwamba bondia alichelewa kwa sababu ya kuuguliwa, kisha nikaenda Makere kumsomea.

Nilisoma mapambano kumi na sita ya mwanzo yeye akiitikia kwa kichwa, akiwataja wapinzani kabla sijawafikia. Kumbukumbu zile zilikuwa bado nzima. Nikafika la kumi na saba. Nilisoma habari ya kibali. Nilisoma habari ya honi na glavu zilizofunguliwa kwa meno. Nilisoma kwamba alikuwa ameuguliwa na mama yake.

"Hapo umekosea," alisema.

Nilidhani anakataa habari ya honi. Nikaanza kujitetea, akanyanyua mkono.

"Mama alikuwa mzima. Alikuwa shambani anapalilia." Akaibana mikono yake katikati ya magoti. "Nilikuwa nyuma ya kibanda cha mashine ya kusaga. Nimeshafunga bandeji. Nasikia watu wananiita. Wiki moja kabla nilimwona yule bwana akijifua kwa gunia la mchanga, nikajua. Gari la kambi, Makere nzima ilijua linaondoka saa ngapi. Nikahesabu, nikakaa."

Mkewe aliweka ungo chini.

"Nilimpelekea uji pale kibandani," mkewe alisema. "Nikamwambia, baba watoto, toka. Akaniambia, bado."

"Nikiandika hilo, mzee," nilisema, "hawatakuweka ukutani."

"Hilo mimi silijui. Najua uliahidi utanisomea yaliyo kweli."

"Niliahidi nitaandika ninachoweza kukusomea. Hili si lazima nil—"

"Basi nisomee hilo kwanza. Uandike, unisomee, nione kama unaweza."

Niliandika palepale, nikiegemeza daftari kwenye goti. Nilimsomea. Sikuweza kumtazama, kwa hiyo sijui kama nimeitimiza ahadi ya uso kwa uso.

Mwenyekiti alisoma ukurasa ule amesimama, ukumbini, katikati ya harufu ya rangi mbichi. Niliandaa maneno mengi ya kumjibu, sikuyahitaji.

"Honi ile niliisikia," alisema. "Ningeweza kusimamisha pambano, tukapanga gulio jingine. Mwamuzi ana uwezo huo. Nikaandika ameondoka." Akautazama ukuta. "Wewe msahihishaji, unampa ngapi?"

Nilimwambia lile nililokuwa nimelifikia kwa shida. Kwamba mapambano ishirini na mawili aliyashinda kwa mikono yake, na hakuna wa kumnyang'anya. Kwamba bado hajapigwa, kwa sababu pambano lisiloisha halina mshindwa. Lakini ubora wa nyakati zote ni deni analolilipa bondia siku anapokutana na yule anayemwogopa, na siku ile ilipofika, mtu wetu alikaa nyuma ya mashine ya kusaga. Nilisema pia kwamba huenda nakosea, maana mimi sijawahi kumwogopa mtu kiasi kile, na mtu asiyejua hofu hiyo ana haki gani ya kuipima.

Maneno ya penseli yalifutwa. Badala yake fundi rangi aliandika jina la bondia wa Makere juu, na chini yake mapambano yote ishirini na matatu, mstari kwa mstari, kila mmoja na jina la mpinzani. Wa kumi na saba unasema: Halikuisha. Bondia alichelewa kwa makusudi. Kibali cha mpinzani kikaisha. Daftari la bluu nalo likasahihishwa, kwa mkono wa mwenyekiti mwenyewe.

Tulimleta kuona kabla rangi haijakauka. Alisoma akifuatisha kwa kidole bila kugusa, na kidole kikimkimbia kila mara. Mstari wa kumi na saba aliurudia tangu mwanzo.

"Jina la yule bwana ni dogo," alisema mwishowe. "Herufi zake si sawa na zangu."

Fundi alilifuta, akaliandika upya kwa ukubwa uleule wa jina lililo juu.

Ningependa kuishia hapo, lakini ugonjwa haukuishia hapo. Siku hizi nikienda Makere, huniuliza kama wamemwandika. Nasema ndiyo. Huniuliza, macho yakimng'aa, "Wa nyakati zote?" Mkewe huinamia ungo wake. Nami hulazimika kutoa daftari na kumsomea tena, kuanzia la kwanza, na kila tufikapo la kumi na saba huniambia nimekosea, mama yake alikuwa mzima, na kukiri upya kama mtu anayekiri kwa mara ya kwanza. Sijui kama namtendea haki au namtesa. Nilijaribu mara moja kuliruka pambano lile. Akahesabu kwa vidole, akaniuliza moja limekwenda wapi.

Ukifika Kasulu, naomba uingie katika ukumbi ule uusome ukuta wote, bila kuuruka mstari wa kumi na saba. Kisha ukipita Makere, umtafute, umwambie kwamba umeusoma wote, na bado umekuja kumpa mkono.