Magunia ya Ijumaa

Wazo la Ijumaa lilikuwa langu, na silikani. Mvua ya mawe ilikuwa imeng'oa paa la gredi ya tatu, mabati yakaangukia migomba ya watu, na mwalimu mkuu akatuita wazazi akatuambia wazi: paa lisiporudi kufikia Jumatatu ya kufungua shule, watoto wa gredi hiyo watahamia shule ya ng'ambo ya mto. Kwa wengine hiyo ilikuwa habari ya viatu kuchakaa. Kwangu ilikuwa habari ya mguu. Binti yangu alizaliwa na wayo wa kushoto uliogeukia ndani, na daraja la mto ule ni magogo mawili yaliyolazwa.

Michango ya pesa ilikuwa imetuchosha. Kwetu kila wiki kuna mazishi, na kila mazishi yana kamati yake. Kwa hiyo sisi akina mama wa kamati ya shule, tusiolipwa hata soda, tukakubaliana kila nyumba ichume chai siku moja kwa ajili ya paa. Majani yote yangepimwa kwenye kituo cha kununulia chai kwa namba yangu ya mkulima, iliyo kwenye kadi niliyopewa na kiwanda, maana shule haina chai wala namba. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Nyaramba alikuwa radhi kutoa mabati akiona risiti tu.

Nikasema tuchume Ijumaa. Lori la kiwanda hufika saa tisa. Tungepima, tukaoge, tufungue Sabato jua likitua, tukiwa na mioyo myepesi. Upande wetu wa kilima karibu wote ni Waadventista, na wazo langu lilisifiwa kama uji wa wimbi. Hakuna aliyeuliza lori likichelewa itakuwaje. Watu wanaokumbushana Sabato tangu Jumatano, na bado hatukuuliza.

Siku hiyo tulichuma kama tuliotumwa. Hata watoto walichuma. Saa sita mvua ikanyesha, saa tisa magunia yalikuwa yamejipanga kituoni, lori halikuja. Saa kumi tukasikia limekwama kwenye utelezi. Saa kumi na moja tukaimba. Kufikia saa kumi na mbili hakuna aliyetazama barabara tena, wote tulikuwa tunatazama jua.

Lilipotua, watu walianza kuondoka mmoja mmoja bila kuaga. Ndipo tukalisikia lori likipanda.

Baba mkwe wangu, ambaye ni mzee wa kanisa, alikuwa amesimama kando ya ua. Mama mmoja akamwuliza kwa sauti ndogo kama Bwana hakuruhusu kumtoa ng'ombe aliyetumbukia shimoni siku ya Sabato. Mzee akafikiri. Si mtu mkali, ningependa angekuwa mkali.

"Ng'ombe hutumbukia mwenyewe," akasema. "Majani haya tuliyachuma sisi."

Nilikuwa na jibu. Nilitaka kumwambia kwamba mguu wa mjukuu wake haukuchumwa na mtu. Lakini kwetu mke wa mwana na baba mkwe wametenganishwa na chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya. Simkaribii, simtazami usoni, na kumjibu mbele za watu ni kitu ambacho sijawahi kusikia mwanamke akifanya. Nikatazama chini.

Jirani yangu Mkatoliki, ambaye hana chai bali ndizi, alikuwa amekuja kutusaidia kubeba. Akanishika mkono. "Leta hiyo kadi, mama. Sabato yangu mimi ni keshokutwa."

Kadi ilikuwa mfukoni, imelowa jasho la vidole vyangu. Lakini amri ya Sabato inamkataza kazi mpaka mtumishi na mgeni, na mzee alikuwa pale pale. Mpaka leo sijui nilimwogopa Mungu au baba mkwe, na hilo linaniudhi kuliko yote.

Karani akashuka na mizani yake. "Mwenye namba yuko wapi?"

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Akauliza tena, akawatazama akina mama waliobaki, wao wakanitazama mimi. Binti yangu naye alinitazama, ameketi juu ya gunia alilolijaza kwa mikono yake. Kadi nikaiacha mfukoni. Karani akatikisa kichwa, akapanda, lori likaenda kituo kingine.

Jumapili tulipofungua magunia, joto lilitupiga usoni. Majani yalikuwa mekundu, yananuka. Baba mkwe alikuja mapema akayabeba yote peke yake, gunia baada ya gunia, akayamwaga migombani. Hakupumzika wala hakuangalia upande wangu. Kuchuma tena kusingewezekana. Chai iliyochumwa Ijumaa haichipui kufikia Jumatatu.

Jumatatu asubuhi binti yangu alikataa nimbebe. Alivua viatu akanipa, akaketi juu ya magogo, akaanza kujisukuma kwa makalio, mguu mmoja huku na mwingine huku. Mimi nilimfuata nyuma nikiwa nimeinama, mikono imekaa tayari. Katikati ya daraja akaacha kujisukuma.

"Mama, ng'ombe wa babu akianguka hapa siku ya Sabato, mtamtoa?"

"Tutamtoa," nikasema.

Alifikiri kidogo, vile vile kama babu yake.

"Haya," akasema, akaendelea kujisukuma.