Mzee Sudi Aliponipeleka Darasani

Ipo siku moja inanirudia kila ninapofungua boneti, mwanangu. Na wewe uliyemaliza shule juzi, ukaniambia unataka kuwa fundi wa hizi gari za Japani, sogea uisikie.

Nilikuwa kijana wa gereji pale Kitendaguro, chini ya Mzee Sudi, Mswahili wa hapa hapa Bukoba ambaye babu yake alikuja kutoka pwani akaoa Mhaya, akasahau njia ya kurudi. Mikono yangu ilikuwa myepesi, mdomo mwepesi zaidi. Nilijisifu kwamba naishusha injini na kuirudisha kabla ndizi hazijaiva jikoni. Shule niliiacha kidato cha pili, nikaapa kwamba mimi na darasa tutaonana ahera.

Basi asubuhi hiyo akaja Mama Kokushubila, mwalimu wa kwaya ya Kilutheri kutoka Muleba. Gari lake jipya, jipya kwetu maana Japani walishalichoka, lilikuwa limemzimikia barabarani, vijana wakalisukuma hadi kwetu. Lilikuwa la haibridi, linalokwenda kwa mafuta na umeme, la kwanza kuingia gereji yetu. Ukiwasha swichi, dada wa Kijapani anaongea ndani ya dashibodi, na Mama yule kwa adabu zake za Kihaya anamwitikia, "Ee, waitu!" Taa zikawaka zote kama harusi ya tajiri, gari haliendi.

Sasa sisi mafundi wa mtaani, tukitaka kujua kama waya una umeme, tulikuwa tunauchubua na kuugusisha kwenye bodi. Ikiruka cheche, umeme upo. Ndiyo ilikuwa mita yetu. Nikaona nyaya nene za rangi ya chungwa, nikachukua kisu.

Sikusikia hatua za Mzee Sudi. Nilisikia kofi la mgongoni, kofi ambalo nadhani hata Uganda walilisikia wakafunga mpaka.

"Acha! Unataka nikamwambie nini mama yako kule Maruku? Kwamba nimemrudishia mtoto amekaangika kama senene?"

"Mzee, ni waya tu."

"Waya tu! Huo unaua ng'ombe na mwenye ng'ombe. Mimi mwenyewe gari hili sijalisomea, ndiyo maana siligusi."

Akamgeukia Mama Kokushubila, akamwambia ukweli kwamba hapa hatuliwezi, lipelekwe Mwanza. Mama akaguna. "Mwanza! Si ungenidanganya kidogo tu, Mzee Sudi, nirudi Muleba na matumaini?"

Wakacheka. Kicheko changu kiliishia njiani, kwa sababu Mzee aliniambia pale pale, "Kuanzia leo hizi gari hutazigusa. Utaziba pancha na kuosha, mpaka usome. Chuo cha ufundi pale mjini kina masomo ya jioni."

Nilinuna, mwanangu, nilinuna mpaka migomba ya Kibeta ikaanza kunyauka. Ama niende darasani, ama ufundi wangu wote uishie kwenye ndoo ya sabuni. Mwisho nikamwambia kilichonikaba.

"Nitakaaje na watoto, Mzee? Watanicheka."

"Watakucheka?" Akaivaa kofia yake. "Basi twende wawili, wagawane vicheko."

Nilidhani anatania. Jioni ile tulikaa dawati moja, la mbele kabisa, harufu ya girisi imejaa darasa zima. Mwalimu, kijana wa umri wa wajukuu zake, akaanza hesabu za umeme. Mimi sikuambulia kitu, nikatikisa kichwa kama niliyeelewa. Mzee Sudi akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hapo turudie. Mimi na mwanangu tumeachwa stendi."

Darasa likacheka, kisha wengine wakasema nao wameachwa. Mzee akafanya hivyo kila jioni, analala gerejini kwa uchovu mchana, jioni yuko dawatini, hadi siku moja niliona mkono umenyooshwa na ni wangu.

Kesho yake dawati lilikuwa na nafasi. Nilipotoka nikampitia nyumbani, nikamkuta anatafuna punje za kahawa barazani.

"Mzee, mbona hukuja?"

"Nije kufanya nini? Si umeshajua kuuliza."

Mwanangu, gereji itakupa mikono, lakini usiishie hapo. Chuo cha ufundi kinapokea wanaotoka shule na kinapokea wenye kazi zao jioni, na hata aliyejifunzia mtaani anaweza kwenda kupimwa ujuzi akapata cheti. Kwa hiyo asikuambie mtu kwamba umechelewa. Umeme wa magari usiuruke, maana gari za sasa ni kompyuta zenye matairi. Kiingereza kisome cha kukutosha kuelewa kitabu cha gari. Ukipata karakana kubwa Mwanza au Dar yenye mashine za kupima, nenda hata kama utaanza kwa kufagia. Na gari usilolijua, sema hulijui. Mficha uchi hazai, na fundi mficha ujinga hazeeki.

Mungu akupe mikono mitulivu na moyo usioona haya kujifunza. Akupe mtu wa kukaa ubavuni mwako mpaka woga ukutoke, na siku yako ikifika, akufanye wewe kuwa mtu huyo kwa mwenzio. Nenda, mwanangu, na baraka zangu zote ziende nawe.