Buti za Mwalimu

Mwalimu wetu wa kupanda farasi hufundisha akiwa chini, buti zimeng'arishwa kama za mtu anayetaka kupanda sasa hivi. Mwili wake mkubwa, sauti ndogo. Kabla ya somo humpandisha kila mtu kwenye mizani akiwa amekumbatia tandiko, maana farasi hubeba vyote viwili, kisha humnong'oneza uzito wake kana kwamba anamtunzia siri. Somo likiisha hupapasa mgongo wa farasi, polepole, akitafuta panapouma. Yeye hapimwi. Jana mama mmoja mwenye mwili, aliyeambiwa asubiri farasi mkubwa zaidi, alimgeukia: "Na wewe mwalimu, yupi anakubeba? Au mkuki kwa nguruwe?" Tukaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, macho kwenye buti. Farasi mwekundu, ambaye mwalimu mwenyewe alikuwa akimpanda kabla hajanenepa, alikuwa amefunguliwa akale nyasi. Akaja mwenyewe hadi kwenye kigoda cha kupandia, akampa mwalimu ubavu, akatulia akimngojea. Kicheko kikakatika. "Nenda, bwana," mwalimu akamwambia chinichini. "Nenda zako." Farasi hakusogea. Sote tukainama kukaza mikanda ya matandiko iliyokwisha kukazwa.