Hedifoni za Doña Fros zakosa pa kuchomekwa

Nianze na aibu yangu, maana watu wa kituo cha metro cha Pantitlán watanicheka wakisoma hapa. Nilikwenda kumhoji mama anayeuza hedifoni za waya ndani ya metro. Nikanyoosha mkono, nikatoa sarafu ya peso kumi, nikanunua pea moja kwa mbwembwe, nikijiona mtu mwema kweli kweli. Kumbe simu yangu haina tundu la hedifoni. Ninayo mwezi wa nane sasa, na sikuwahi kuitazama huko chini.

Tutafika huko. Kwanza mumjue mwenyewe.

Saa moja asubuhi, Ijumaa. Eufrosina Tecpa, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, amesimama mwisho wa jukwaa la Pantitlán, mgongo umegusa ukuta, fimbo nyeupe imekunjwa kwapani. Hedifoni zinaning'inia mkono wa kushoto kama mtungo wa samaki. Mkono wa kulia umeshika tamali, donge la unga wa mahindi la kupikwa kwa mvuke, ndani ya mkate. Treni inaingia, milango inafunguka, watu wanapigana vikumbo, yeye anatafuna tu.

"Hiyo si yangu," anasema. "Hiyo ya mwenye chingamu. Yangu inayofuata."

Wauzaji wa mabehewa hawarukii treni ovyo. Kila mmoja ana zamu, na zamu anazigawa Don Tarcisio, bwana mwenye tumbo na kofia ya besiboli, ambaye asubuhi yote hukaa kwenye ngazi akinywa uji wa mahindi. Askari wakija, yeye ndiye anayepiga mluzi. Mtu akikamatwa, yeye ndiye anayekwenda kumtoa.

Zamu ya saa moja ndiyo tamu kuliko zote. Behewa limejaa watu wanaokwenda kazini, wana mwendo mrefu na hawataki kuongea na jirani. Doña Fros, kama wanavyomwita wote hapa, ameishika zamu hiyo tangu enzi za simu za kubonyeza. Leo saa sita mchana huenda akanyang'anywa.

"Doña Fros!" anaita kijana mmoja anayesubiri nyuma yake. Anaitwa Nabor, anauza hedifoni zisizo na waya, zile vipande viwili ndani ya kikebe. "Bado unauza kamba za viatu, mama?"

"Na wewe bado unauza vitu vya kupotea, mwanangu?"

Jukwaa linacheka. Nabor naye anacheka, lakini macho yake yako kwa Don Tarcisio. Zamu ikimtoka mama huyu, inakwenda kwake.

Kisukari kilimchukua Doña Fros macho akiwa na miaka thelathini na mitatu. Alikuwa mshonaji wa sare za shule huko Nezahualcóyotl. Mume alivumilia mwaka mmoja, akaenda kutafuta kazi kaskazini, na huko ndiko aliko mpaka leo, kama bado yuko.

Wasioona wengi walioingia kwenye metro miaka ile waliuza muziki, spika mgongoni, wimbo kwa sauti ya kupasua paa. Yeye hakutaka.

"Macho sina. Nikiharibu na masikio nitabaki na nini, pua?" anasema. "Nikaona niuze kimya. Kila mtu muziki wake, kila mtu na waya wake."

Na kimya kililipa. Siku nzuri aliuza pea sitini. Alijenga chumba cha pili, alimsomesha mwanawe mpaka akawa fundi wa lifti. Siku hizi pea kumi ni siku ya kushukuru Mungu, na kuna siku anarudi na nne.

Kilichomjengea jina ni kujaribu. Doña Fros hajawahi kuuza hedifoni ambayo haijalia masikioni mwa mnunuzi. Hapokei sarafu kabla. Mteja anatoa simu, mama anapapasa ukingo kwa kidole cha shahada, anapata tundu, anachomeka mwenyewe, anauliza: "Kushoto inalia? Kulia je?" Zikilia zote mbili, ndipo anafungua kiganja kupokea hela. Isipolia hata moja, anaitupa kwenye mfuko wa aproni na kutoa nyingine.

"Wengine wanauza, wanashuka kituo kinachofuata, mtu anafika kazini anakuta kitu kimekufa," anasema. "Mimi napita hapa kesho. Kesho atanitukana mbele ya watu, na mimi sijui hata nigeukie wapi."

Kampuni za simu zilipoanza kuyaziba matundu, zilianza na simu za bei mbaya. Zilisema zinataka simu nyembamba, isiyoingia maji. Doña Fros aliambiwa na mwanawe, akacheka sana.

"Nikamwambia, wenye simu hizo hawapandi treni yangu. Sasa angalia ujinga wangu! Simu ya tajiri ya mwaka juzi ndiyo simu ya mteja wangu wa leo. Inauzwa, inauzwa tena, inafika Pantitlán. Ikifika, haina tundu."

Nikamuuliza swali ambalo kila mtu humuuliza: kwa nini asiuze adapta, kile kipande cha kuunganishia?

"Nimeuza. Nusu yake zilikuwa mbovu, na bei yake inazidi ya hedifoni yenyewe. Nimuuzie mtu kiatu, halafu nimuuzie na mguu?"

Mwezi uliopita ndipo mambo yalipoharibika.

Ilikuwa kati ya vituo vya Mixiuhca na Jamaica. Kijana mmoja alimpa simu ajaribu. Doña Fros akapapasa ukingo wa chini, kidole kikagusa uwazi katikati. Akachomeka. Ikaingia kidogo, ikagoma.

Sasa, tundu kugoma si jambo geni kwake. Watu huweka simu mifukoni, pamba na vumbi vinajaa ndani, na dawa yake anaijua: unasukuma huku unazungusha, vumbi linajisogeza, ncha inaingia. Amefanya hivyo mara zisizo na idadi. Akasukuma, akazungusha. Kitu kikalia tik.

Lilikuwa tundu la chaji. Simu ile haikuwa na jingine.

"Bibi, umeniulia simu!" kijana alipiga kelele. "Umeniulia simu, mimi naendea kazi ya kwanza leo!"

"Nilimwambia nisamehe mwanangu," anasimulia, na hapa sauti yake inashuka. "Yeye analia, na mimi sijui kama nimshike bega au nisimshike. Nikasikia mtu anasema, si mumzuie huyu kipofu asishike vitu vya watu."

Chama cha wauzaji kililipia matengenezo kutoka mfuko wa misiba. Don Tarcisio akamwita mama pembeni, pale kwenye ngazi zake. Mazungumzo yao kila mtu hapa anayajua, maana Don Tarcisio hajui kunong'ona.

"Fros, kuanzia leo huchomeki tena simu ya mtu. Achomeke mwenyewe."

"Na asipojua?"

"Nani asiyejua kuchomeka waya, Fros? Au jaribu kwenye simu yako."

"Simu yangu tundu limelegea, Don Tarcisio. Linalia upande mmoja. Nikijaribu humo, kila hedifoni inaonekana mbovu."

"Basi uza pipi. Uza pipi saa tano, treni ina nafasi, unaweza hata kukaa. Saa moja nampa Nabor. Vitu vyake vinatoka."

"Pipi utazijaribu vipi? Mtu akishaila, si imekwisha?"

Don Tarcisio alicheka mpaka uji ukamwagika. Si mtu mbaya. Alimpa nafasi: boksi moja la hedifoni, Jumatatu ya wiki hii mpaka Ijumaa saa sita mchana. Likiisha, zamu ni yake na hakuna wa kumgusa. Lisipoisha, aende kwenye pipi bila ugomvi. Wakapeana mikono.

Leo ndiyo Ijumaa yenyewe. Zilizobaki ni hizi zinazoning'inia mkononi.

Treni yake inaingia. Doña Fros anafuta mdomo, anakunja karatasi ya tamali, anaingia wa mwisho mlango ukijifunga. Sauti inayotoka humo siitegemei kwa mwili mdogo namna ile:

"Hedifoni, hedifoni za waya! Usipeleke nyumbani kitu kibovu, chomeka hapa hapa usikie! Peso kumi, kumi ndiyo bei, kumi inakutosha!"

Kituo cha Puebla, pea moja. Mwanamke mwenye sare ya usafi, simu imepasuka kioo lakini tundu lipo. Anachomeka mwenyewe. "Kushoto inalia, mama. Kulia inalia." Sarafu. Ciudad Deportiva, mwanafunzi anachukua mbili, moja ya dada yake. Velódromo, patupu.

Hapo ndipo mimi nikanyoosha mkono. Nilikuwa nimepiga hesabu kichwani, nikaona amebakiwa na chache, nikasema ngoja nimpunguzie mama wa watu.

"Ah, mtu wa gazeti!" akafurahi. Nikamwekea sarafu kiganjani kabla hajaniambia lolote. "Ngoja kwanza. Chomeka."

Nikageuza simu huku. Nikaigeuza kule. Nikaisogeza kwenye mwanga.

"Vipi?" akauliza.

"Natafuta."

"Unatafuta nini? Lete niguse. Kuchomeka nimekatazwa, kugusa sijakatazwa."

Kidole chake kikapita ukingo wa chini, taratibu, kikagusa tundu la chaji na kulikwepa kama mtu anayekwepa jiko la moto. Kikazunguka juu. Kikarudi chini. Niliona uso wake ukijua kabla mdomo haujasema.

"Bwana wee. Mtu mzima hata simu yako huijui?"

Nikamwomba abaki na sarafu. Nikamwambia nitampa mpwa wangu, ana simu ya zamani. Nikamwambia Don Tarcisio hawezi kujua.

"Haijalia," akasema. "Haijalia sikioni mwako, sijauza." Akanirudishia sarafu kiganjani, akakikunja kiganja changu mwenyewe, kama ninavyofanya kwa mtoto ninayemtuma dukani.

Kati ya vituo aliegemea mlango usiofunguka upande huu, akavuta pumzi. Kwenye sikio la kushoto alikuwa na hedifoni yake mwenyewe, imefungwa plasta, inayomsomea ujumbe kutoka kwenye simu yake. Sikio la kulia huliacha wazi, la kusikilizia milango.

Mkwewe alimnunulia zisizo na waya, kama zile za Nabor, siku ya kuzaliwa. Moja ilidondoka pale Mixiuhca, kwenye jukwaa, saa ya watu wengi.

"Waya ukidondoka nauvuta, unarudi," anasema. "Kile kipande nitakivuta na nini? Nilipiga magoti napapasa, watu wananiruka. Kilichobaki kiko nyumbani kwenye glasi, kama jino la bibi."

Na hilo ndilo linalomwogopesha kuliko zamu yenyewe. Simu yake ni mbovu. Ikifa, itabidi simu nyingine, isiyo na tundu, imsomee mambo yake kwa sauti ndani ya treni: salio lake, vipimo vyake vya sukari, mwanawe anapomwambia funguo ameficha wapi.

Kwa hiyo mpango anao. Akibaki na zamu yake ya saa moja mpaka Krismasi, atanunua simu mbili za zamani zenye tundu, moja ya kutumia, moja ya kuweka kabatini ndani ya soksi.

"Miaka mitano mitano. Nitakuwa nakaribia sabini. Baada ya hapo masikio yenyewe yatakuwa yamefunga duka," anasema, anacheka, halafu hacheki.

Kuna jambo jingine alilolitaja kama kwa bahati mbaya. Zamani, akipita katikati ya behewa, nyaya za watu zilikuwa zinamgusa mkono. Alikuwa anajua huyu anasikiliza muziki, asimpigie kelele, na huyu hana kitu sikioni, azungumze naye. Muziki ulivuja kidogo kidogo kila upande. Sasa anapita, na hakuna kinachomgusa.

"Sijui tena nani ananisikia," alisema.

Jamaica, wakaingia wenye maua, mafungu ya yungiyungi mpaka usoni. Chabacano, wakashuka wengi, wakapanda wengi. Sasa hivi zimebaki tatu mkononi. Don Tarcisio haulizi ipi ilinunuliwa kwa huruma. Anahesabu boksi tupu.

Treni inaondoka. Doña Fros anajitoa mlangoni, anasimama katikati ya behewa, miguu ameipanua kama baharia. Hasemi bei. Hasemi kumi inakutosha.

"Wapendwa, asubuhi njema. Naomba kitu kimoja. Simu yenye tundu. Moja tu, ya yeyote. Achomeke mwenyewe, mimi sigusi. Asikie tu aniambie kama inalia."

Anageuza uso kulia, anasubiri. Anageuza kushoto.

Benchi lililo mbele yake lina watu sita. Watano wana vipande vyeupe masikioni. Wa sita ni mimi.

"Nani anayo, jamani?" anauliza tena, mkono umenyooka, hedifoni zinacheza na mwendo wa treni. "Hata ya mtoto?"