Maganda ya Kamba kutoka Kunduchi

Niliondoka kwetu Mtoni asubuhi kwenda Kunduchi kutafuta takataka, na sijawahi kuona takataka ngumu kupatikana kama zile. Nasomea chanjo za kuku. Chanjo yetu ni DNA, na DNA ikiingia mwilini uchi, vimeng'enya huitafuna kabla haijafika kwenye seli. Kwa hiyo tunaifungasha ndani ya chembe za nano, vitu vidogo kuliko bakteria, vinavyotengenezwa kutokana na maganda ya kamba. Unga wa maganda hayo, ule wa kununua, ulikuwa umekwama bandarini. Msimamizi wangu akaniambia waziwazi: nisipoleta maganda leo, zamu yangu ya mashine ya kutengenezea chembe hizo anapewa mwingine, nami nisubiri mwakani.

Daladala ikanishusha Mtongani, nikapanda bajaji. Nilipomwambia ninachofuata, dereva akacheka mpaka akakosa njia. "Sista, watu wanafuata kamba, wewe unafuata maganda?"

Kunduchi nilifikia kwa Mama Zuhura, shoga wa mama yangu, mkaanga kamba.

"Shikamoo mama. Naomba maganda."

"Marahaba. Maganda? Mtoto wa Mwajuma nimpe maganda, watu wanionaje?"

Akanimenyea bakuli zima la kamba, kisha maganda akayamwaga baharini nikiyaona kwa macho yangu! Nikamweleza habari za chanjo, kuku na maabara. Akanisikiliza kwa huruma.

"Mwanangu, usione haya. Sema tu nyumbani hamna kitoweo."

Nililisukuma bakuli lake. Nilikasirika, tena nilitaka kulia.

Jua lilipopanda nikakumbuka: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mie sikuwa na siku tatu. Nikavuta kigoda, nikaanza kumenya.

"We mtoto, mgeni hafanyi kazi!"

"Leo nimekuja kukusaidia, mama."

Alinung'unika, akazoea, akarudi kwenye karai lake. Maganda nikayaangusha kwenye ndoo niliyokuja nayo, wala hakuna aliyeniuliza. Ndoo ilipojaa nikaenda kunawa, nikaaga.

Kurudi ikawa adhabu nyingine. Bajaji mbili zilinikataa kwa harufu. Maabarani nilimkuta msimamizi anafunga mlango. Akaziba pua, akaufungua tena. Mashine ikabaki yangu.

Nikamwaga ndoo kwenye sinki. Katikati ya maganda ukadondoka mfuko uliofungwa vizuri: kamba wangu waliomenywa, wale niliowakataa. Nimejifunza kwamba kitu kikifungwa kwenye maganda kinafika, hata kwa mbishi kama mie. Usiku ule nyumbani kwetu tulikula kamba wa nazi.