Sheria Niliyomtungia Mama

Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, karani wa mahakama pale Korogwe, nilipoletewa fomu ya kusomea shahada ya sheria kwa mkato. Chuo kikuu kilikuwa kinachukua watumishi wa mahakama wenye uzoefu, kikiwafundisha kwa miaka miwili yale ambayo wengine waliyasoma kwa mitatu. Nilipewa wiki tano za kuamua.

Hakimu wangu aliisoma fomu ile akiwa amesimama, akacheka.

"Umeachika, huna mtoto," aliniambia, washitakiwa wakiwa kwenye benchi wanasikia. "Sasa unataka na akili zikutoke? Kozi hiyo inawashinda wanaume."

Mwizi mmoja wa mbuzi naye akacheka, nadhani akitumaini kupunguziwa. Alifungwa miezi sita. Niliiandika hukumu yake kwa mwandiko mzuri kuliko siku zote.

Sikuwa na hakika kama naiweza. Ningeshindwa mtihani, nafasi yangu ya ukarani ingekuwa imeshachukuliwa. Lakini kwa miaka sita nilikuwa nimemsahihishia hakimu yule vifungu vya sheria kabla hajavisoma kwa sauti, kisha namchemshia chai.

Fomu ilidai barua ya mwenyekiti wa kijiji cha nyumbani. Nikapanda basi hadi Mkata, nikatembea kwa miguu mpaka kwetu. Mwenyekiti nilisoma naye darasa la nne. Alinisikiliza hadi mwisho, akachukua kalamu, kisha akaiweka chini.

"Mama yako amekataa kuhamia kijiji kipya cha ujamaa," alisema. "Nyumba saba za ng'ambo ya mto zinamsikiliza yeye. Halafu nikuandikie kwamba familia yenu inajenga taifa? Mhamishe, nitaandika."

"Nisipoweza?"

"Jumatatu mgambo watakwenda. Atahama tu, na wewe barua huna."

Njiani nilijiambia kwamba kwa vyovyote atahamishwa. Ilikuwa kweli, na ukweli huo ulinifaa mimi.

Nilimkuta mama anamenya mihogo. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na makaburi matatu, la baba na ya ndugu zangu wawili, yamepaliliwa. Nilimweleza juu ya shule, zahanati na maji ya bomba, vyote vilivyoahidiwa huko kijijini. Aliendelea kumenya. Mwisho akauliza swali moja tu.

"Wewe uko mahakamani. Kuna sheria inayosema nitoke hapa?"

Nilijua hakuna. Maneno ya watu kuhamishwa yalipoanza, nilikuwa nimelipekua kabati lote la ofisini nikiitafuta.

"Ipo," nikasema.

"Umeiona?"

"Nimeisoma, mama. Anayekataa anafungwa."

Alikiweka kisu juu ya sinia. "Basi kama ni sheria." Akajifunga kanga, akaenda nyumba moja baada ya nyingine kuwaambia majirani kwamba binti yake ameisoma. Hakuna aliyebisha.

Lori lilikuja siku mbili baadaye. Waliposhusha mizigo, mgambo walirudi kuzichoma nyumba ili mtu asifikirie kurejea. Huko walikopelekwa kulikuwa na vigingi vilivyopangwa kwa mstari, basi. Hakuna shule, hakuna zahanati, maji ni ya dimbwi. Mvua iliwakuta kwenye vibanda vya nyasi. Jirani yetu, aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo, alimzika mjukuu wake pale kabla hata hajapata udongo wa kukandika ukuta.

Mimi nilikuwa nimesharudi Korogwe na barua yangu. Mwenyekiti alikuwa ameandika kwamba sisi ni familia ya mfano.

Niliiweka fomu mezani, sikuituma. Siku zikapita. Ikiwa imebaki wiki moja, mama akatokea mahakamani. Kule kijijini walikuwa wameanzishiwa kisomo cha watu wazima, na kijana aliyewafundisha alipomsikia akiitaja sheria ile, alimwambia hajawahi kuisikia. Mama hakuniuliza mimi. Alingoja kwenye benchi mpaka kesi zikaisha, akamwendea hakimu.

"Baba, kuna sheria ya kututoa majumbani mwetu?"

"Hapana, mama. Hiyo ni amri ya viongozi. Sheria hakuna," hakimu alijibu. "Nani amekuambia ipo?"

Mama alichukua kikapu chake, akapita mbele ya meza yangu kama anayepita mbele ya meza tupu, akatoka.

Niliituma fomu mchana uleule. Watu niliowasimulia hudhani hapo ndipo nilipotubu na kuichana. Mimi niliwaza hivi: nikiacha sasa, wale nimewatoa bure. Wazo hilo lilinipa nguvu, na nilisoma kwa nguvu hiyo miaka miwili, nikafaulu.

Nilirudi Handeni, wilaya ya kwetu, nikiwa hakimu. Nilipokwenda kumtazama mama, alikuwa ameketi na wanawake wenzake wakipepeta mahindi. Aliponiona aliinuka, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mheshimiwa."

Wanawake wakatazama chini. Mama mzazi kumwamkia mwanawe, hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulisikia jambo hilo.

"Mama, usinifanyie hivyo," nikasema.

"Karibu kiti," akajibu. Kilikuwa kimoja tu. Alisimama muda wote niliokaa.

Aliniamkia hivyo mpaka alipokufa, kila nilipokwenda, na kila mara nilinyamaza. Isipokuwa mara moja. Nilifika pale na wageni wa wilaya, akaja mbele yao, akapiga goti, akasema neno lake. Wageni hawakujua kuwa ni mama yangu. Walisubiri, wakanigeukia, wakishangaa hakimu gani huyu asiyeitikia salamu ya kikongwe.

"Marahaba," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kukaa na wenzake, nasi tukaendelea kukagua zahanati mpya.