Patente ya Masanduku mu Restaurant ya Bibi Yangu

Hii haya ninaisema mwenyewe, mbele mutu wa mutaa yetu ya Nguba hajawaambia na kuongeza chumvi: miye, muzee wa mvi hivi, nililisha wamama wa korali ndani ya duka ya masanduku ya maiti.

Bibi yangu, muke wangu Mama Furaha, alitamani restaurant kidogo tangu watoto wakinyonya (sasa wameoa), na miye alinipa kazi moja tu: kuchukua patente, karatasi ya ruhusa ya kuuza, kwa biro ya commune. Nilienda. Mustari murefu, kiatu kinanibana (kile cha ubatizo wa mujukuu, tukiache), wakaniambia nirudi lundi, jumatatu, na foto, na sisi tunafungua siku ya posho, jumamosi, kesho yake, samaki zetu za sambaza zimekwisha kuoshwa! Nikapita kwa rafiki yangu Deo, mufundi wa mbao, kumulilia shida yangu. Akang'oa patente yake ukutani.

"Tundika hii. Nani anasomaka? Batu banaangaliaka cachet tu."

Miye masomo niliishia darasa ya pili primaire. Cachet, ile muhuri, iko kubwa, nikafurahi. Nikaambia bibi, "Tumeipata!" Akanikumbatia mbele ya majirani, kitu hafanyaki.

Kesho yake, wamama wa korali wanakula, ajenti wa commune akaingia, kijana wa heshima, akasoma ukuta, akasoma tena.

"Papa, munauzaka nini hapa?"

"Chakula, mwanangu."

"Karatasi inasema masanduku ya maiti."

Vijiko vikasimama. Ningekubali kosa ingeisha, lakini bibi alikuwa ananiangalia, nikasema, "Ndiyo, masanduku ndiyo kazi. Chakula iko ya pembeni."

"Basi unionyeshe moja."

Nikakimbia kwa Deo, na Deo, mutu wa moyo mwema, hakuuliza kitu: tukabeba sanduku jipya, jeupe, tukalipitisha katikati ya sahani. Mukubwa wa korali akafanya ishara ya musalaba. Mwingine akauliza, "Maman, nani amekufa? Ni hizi sambaza?" Wakatoka wote, mumoja na mukia wa samaki mudomoni.

Ajenti alicheka mpaka machozi, halafu akafunga mulango yetu.

Bibi hakupiga kelele. "Lundi naenda miye. Weye baki na sanduku yako."

Alienda, akangoja, akarudi na karatasi ya jina lake. Leo restaurant inajaa, miye naosha sahani, na wamama wa korali, mbele ya kukaa, wananiuliza, "Papa, leo iko nani ndani ya sanduku?"

Karatasi ya mutu sitaigusa tena. Na nyiye, hata ikiwa ni kuuza karanga ku meza tu, muvae kiatu kisichobana, mungoje mu mustari.